Papa Katekista na Meko Yaliyobarikiwa

Papa Katekista hakuwahi kukosea. Sisi tuliomjua kwa miaka tulikubali hivyo, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kubishana naye, na kubishana naye kulimaliza Jumapili nzima. Akipanda metro inayoelekea upande usio wake, alisema alitaka kuona vituo vya huko. Akianzisha wimbo kwa sauti ya juu mno hata kwaya nzima ikakauka koo, alisema kwaya haikusali asubuhi. Kila hoja aliifunga kwa maneno yaleyale: "Si mimi nasema. Ni Kanisa inasema." Na Kanisa, kwa kumsikiliza yeye, lilikuwa na msimamo juu ya mambo ambayo Roma yenyewe haijayafikiria: namna ya kukunja mwavuli, chumvi katika maharage, wanaume wanaovaa kaptula mjini.

Jina alikuwa nalo, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Sisi watu wa Kivu tuliokuwa Brussels miaka ile ya tisini, wengi wetu tukiwa tumekimbia kitu fulani, tulimwita Papa Katekista kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya Uvira, na ndiyo aliyoendelea kuifanya Molenbeek, katika ukumbi wa kuazima wenye viti vya plastiki na harufu ya supu ya juzi. Siku za kazi alisafisha ofisi za watu. Hilo hakulizungumzia, si kwa aibu, ila kwa kuwa ofisi hazikumpa nafasi ya kumfundisha mtu.

Mimi nilimjua kuliko wengi kwa sababu aliishi juu yangu. Nilikuwa nimepanga chini, yeye orofa ya kwanza, na kati yetu palikuwa na sakafu ya mbao iliyoniletea habari zote. Nilijua anaanza rozari wakati gani na analala wakati gani, maana viatu vyake havikuwekwa chini, vilitupwa. Nikirudi kutoka kazini, nimechoka kuwaogesha wazee wa Kibelgiji na kuwasikiliza wakilalamikia mvua, nilimkuta amesimama kwenye ngazi na swali. Je, nimekula? Je, nimesali? Kwa nini mlango nimeufunga kwa kishindo?

Alifundisha uvumilivu kwa ukali mkubwa. Wachumba waliokuja kuandaliwa ndoa walifokewa wakichelewa hata kidogo, na aliyewafokea hakuwa na saa mkononi. Kwenye taa za barabarani hakungoja. Alivuka kukiwa na taa nyekundu, mkono ameunyoosha kama askari, na mimi nikibaki ng'ambo alinigeukia katikati ya barabara, akaniita binti yake: "Ma fille, unangoya nini? Mungu ameshaona hakuna motokari!" Mara mbili ninazozijua alivua koti lake akamvisha mtu aliyetoka tu uwanja wa ndege, kisha akatutangazia kwamba koti lile lilikuwa linambana. Halikuwa linambana. Lilikuwa koti moja zuri sana.

Yeye akabaki na sweta na kofia ya sufu ambayo aliivua kanisani tu. Nyumba yetu haikuwa na chauffage, yale mabomba ya kupasha nyumba joto. Ilikuwa karibu na mfereji, ukuta wa nyuma ulitoka jasho mwaka mzima, na mwenye nyumba, Mflemi mmoja mpole asiyepanda ngazi, alituambia kila mwaka kwamba mwaka ujao ataona. Mimi nilinunua kipasha joto cha umeme na kupigana na fyuzi. Papa Katekista alisema baridi ni ugonjwa wa wavivu. Aliishi hivyo miaka kadhaa, na nadhani angeendelea hivyo hadi Yesu arudi, kama mkewe asingepata ruhusa ya kuja.

Huyu mkewe tulimfahamu kwa sauti tu, tena kwa sauti ya mume akipiga kelele katika simu. Vita vilipofika Uvira, mama yule alivuka ziwa akaishia kambini upande wa Kigoma, na huko kifua chake kikaharibika. Papa Katekista alikuwa ametangulia Ulaya kabla ya vita, akiwa na hakika kwamba mambo yatamalizika upesi na mkewe atafuata. Alikuwa ametangulia sana. Hatukusema hivyo mbele yake, wala yeye hakusema, lakini kila tulipomwombea maman kwenye ukumbi sauti yake ilishuka, na yeye hakuwa mtu wa kushusha sauti.

Maman alikuwa na mdogo wake mtaa wa Auderghem, aliyeolewa na Mbelgiji mstaafu, katika nyumba yenye bustani na chauffage kila chumba, hadi chooni. Huyu shemeji alikuja siku moja na gari, akapanda juu, akaweka kiganja ukutani, akakitazama.

"Beau-frère," alimwambia mume wa dada yake, "yaya yangu iko na bronches ya kifua mubaya. Humu atakufa. Mi nimeshapanga chambre yake ya kulala. Afike, aende kwangu direct."

"Muke yangu atakaa kwangu."

"Alors, weka moto."

Nilisikia yote, na sikuhitaji kusimama kwenye ngazi ingawa nilisimama. Jioni ile Papa Katekista alishuka akaketi kwenye kiti changu, kofia kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniuliza jambo asilolijua jibu lake. "Ma fille, weye unafanyaka kazi kwa bazungu. Kama maman anaenda kule kwenye joto, atarudi huku?"

Nilimwambia sijui. Nilimwonea huruma hata nikamkaangia mayai, naye akanieleza kwamba nimeyakaanga vibaya.

Jiko alilipata kwa Padiri mzee, Mflemi aliyekaa Kivu muda mrefu hata Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu kuliko changu. Lilikuwa jiko la chuma la kuni, jeusi, zito, lenye kidirisha cha kioo, na lilikuwa limesahauliwa ghalani mwa nyumba ya mapadri. Mwenye nyumba hakukataa. Alitoa masharti mawili tu: lisimame juu ya meko yasiyoungua, kwa kuwa sakafu ni mbao, na fundi wa dohani aje akague kabla ya kuwashwa. Kila mtu angeita fundi wa vigae, na tulikuwa nao ukumbini. Papa Katekista aliwaambia wamletee vigae, mikono alikuwa nayo.

Alivikusanya kama sadaka. Waliofanya kazi za ujenzi walileta mabaki. Wachumba nao waliagizwa waje na kigae kimoja kila mmoja, jambo ambalo, alisema, Kanisa halikatazi. Kulikuwa na vya buluu vya bafuni vyenye pomboo, vya kahawia vya jikoni, vyeupe vya bucha lililobomolewa, na kimoja chenye kinu cha upepo kilichotoka sijui wapi. Uchumba mmoja ulivunjika katikati na kijana akaja kudai kigae chake. Aliambiwa kimeshashikana na gundi, jambo ambalo yeye na binti yule hawakuliweza.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri. Nasema hivi kwa sababu nilitegemea kucheka. Alikunja suruali, akapiga magoti, akafunga ubao wa saruji sakafuni kwa skrubu, akautegemeza kwa vipande vya mbao kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa imeinama kuelekea mfereji. Alikoroga gundi kwa maji ya uvuguvugu ili baridi isiizuie kushika. Kati ya kigae na kigae aliweka njiti za kiberiti ili nafasi zilingane. Pimamaji aliiweka, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena, kama anayeshuku inamwongopea. Nilipopitisha kidole ukingoni sikusikia mahali paliponyanyuka.

Tatizo lilikuwa moja. Meko yale yalikuwa katikati ya chumba.

Dohani ilikuwa ukutani, upande wa barabara, mahali ambapo wajenzi wa nyumba ile waliiweka kabla bibi yangu hajazaliwa. Meko ya Papa Katekista yalikuwa mbali nayo, katikati kabisa, na viti vimepangwa kuyazunguka pande zote nne.

"Papa, moshi utatokea wapi?"

"Bomba."

"Litoke hapa mpaka kule?"

"Litapita ku plafond, chini ya dari. Trois mètres, quatre mètres, si kitu. Maman atatundika na bikombe, na bikapu." Aliniona naguna. "Ma fille, moto ni ya kuzunguka. Bantu banakaa huku na huku, banaonana mu macho. Moto yenye iko ku kikuta ni moto yenye bameweka mu punition, sawa mutoto wa darasani. Mi nimengoya maman miaka yote ile, halafu nimukalishe mbele ya kikuta?"

Jambo lililofuata ndilo hasa lililoharibu, na lingeweza kufanywa na sisi tu, kwa kuwa sisi hatuwezi kuacha kitu kipya kikae bila maji ya baraka. Kabla fundi wa dohani hajaja, Papa Katekista alimwita Padiri. Ukumbi wote ulipanda juu baada ya misa. Padiri alivaa stola, akanyunyiza pomboo na kinu cha upepo, tukaimba, tukala wali na sombe ya majani ya muhogo, viti vimezunguka jiko lisilo na bomba. Padiri alisifu sana. Alisema katika maisha yake amebariki magari, mitumbwi na hata mashine ya kusaga, lakini meko ya namna ile hakuwahi.

Fundi wa dohani alikuja katikati ya juma lililofuata. Alikuwa Mbelgiji mwembamba mwenye kope nyeusi kwa masizi. Aligonga vigae kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatazama ukuta, akatazama tena vigae. "Monsieur, kazi ni nzuri," alisema kwa Kifaransa. "Mahali ni pabaya." Alieleza kwamba bomba likilala mbali vile halivuti, na moshi utarudi chumbani. Papa Katekista alimuuliza kama ni mkatoliki. Fundi akasema hapana, akaenda zake.

Sasa mtu mwingine angebomoa akajenga upya. Lakini huyu kwa miaka mingi alikuwa ametufundisha, kwa kidole kilichoinuliwa, kwamba kitu kilichobarikiwa hakivunjwi. Rozari ikikatika haitupwi. Sanamu ikipasuka inazikwa ardhini kwa heshima. Kuna mama mmoja aliyetupa kalenda yenye picha ya Moyo Mtakatifu, na alikumbushwa jambo hilo kila Kwaresima.

Padiri aliitwa tena. Alicheka, halafu akaona anacheka peke yake. "Vunja tu, katekista. Mungu hana neno."

"Padiri, weye umechoka," Papa Katekista alimjibu kwa upole. "Urudi ulale."

Meko yakakaa. Juma likapita. Tulipanda mmoja mmoja kumsihi, naye alitusikiliza akiwa ameketi pembeni mwa vigae vyake, amevaa kofia, mikono kwapani. Alikuwa amekonda. Nilianza kuona kwamba hakuwa anatetea sheria yoyote. Kama angeweza kukosea katika jambo hili, basi aliweza kukosea pia siku ile alipomwambia mkewe abaki Uvira, mambo yatakwisha upesi. Hilo ndilo aliloliketia.

Kisha simu ikaja. Maman amepata ndege. Shemeji wa Auderghem alisema ameshatandika kitanda, na kama beau-frère hana moto asijisumbue kwenda uwanja wa ndege wa Zaventem, yeye na bwana wake watampokea.

Asubuhi yake nilikuwa nakunywa chai niliposikia nyundo. Ilipiga pigo moja, ikanyamaza muda mrefu. Halafu ilianza tena, na sauti yake ikaanza pamoja nayo, na nikagundua kwamba anaimba litania ya watakatifu wote. Kila mtakatifu na kigae chake. Mtakatifu Petro, paa. Mtakatifu Yosefu, paa. Plasta ya dari ilinidondokea kwenye kikombe. Nilijikuta naitikia peke yangu huku chini, "utuombee," na machozi yananitoka, nami si mtu wa machozi.

Alivizika vipande katika ua wa nyuma, kwenye mvua, ndani ya magunia. Jirani wa Kibelgiji alifungua dirisha akaniuliza bwana yule anazika nini. Nikamwambia ni meko. Alifunga dirisha na pazia.

Meko ya pili aliyajenga ukutani chini ya dohani, kwa haraka, na vigae vilivyobaki. Njiti za kiberiti hakuweka. Nafasi zilikwenda upogo, pembe moja ilikuwa juu kuliko nyingine, na jiko lilitikisika hadi alipolikingia sarafu za francs. Hakuna aliyeyabariki. Fundi wa dohani alirudi, akawasha gazeti, akaona moshi unapanda, akampa mkono. Papa Katekista hakusema kitu, na Kanisa nalo halikusema.

Siku ya ndege aliniachia moto niulinde. Aliniagiza kuni zipi zitangulie, kana kwamba mimi nilizaliwa kwenye lifti. Nilipanda, nikawasha, nikachochea, na chumba kile ambacho nilikijua kwa ukungu wa pumzi kikawa na joto la kuvua sweta. Nilimwekea maman kiti mbele ya kidirisha. Nilifurahi kana kwamba nyumba ni yangu.

Waliingia wote watatu, yeye na sanduku, shemeji na funguo za gari, na kati yao mama mdogo wa umbo, mwenye kitambaa cha njano kichwani, aliyetembea kama mtu anayebeba maji. Alinisalimu vizuri. Kisha aliona jiko, na miguu yake ikasimama.

"Ingia, maman," Papa Katekista alisema. "Ikala. Joto ni yako."

Hakusogea. Alitazama kidirisha, moto ukicheza ndani yake, na uso wake ulikuwa umefungwa kabisa.

"Baba, zima."

"Maman, ni juu ya kifua yako—"

"Zima, baba. Nakuomba." Alianza kukohoa, akangoja kikohozi kipite. "Nilikuambia ku téléphone nyumba haiko tena. Haukuuliza namna gani. Nilisimama kule ku mulima, nikaiona inawaka mupaka chini. Na ku kambi, kila siku moshi, kila siku kuni ya maji. Sitaki tena kuona moto."

Papa Katekista alisimama na sanduku mkononi. Nilingoja aseme kwamba Kanisa linasema jambo fulani. Aliliweka sanduku chini, akachukua ndoo na koleo, akapiga magoti, akatoa makaa yote mekundu kidogo kidogo, akayafunika majivu ili mkewe asiyaone, akayateremsha uani. Alikwenda na kurudi na hakumtazama mtu. Baridi ilirudi chumbani upesi kuliko nilivyodhani.

"Donc, yaya," shemeji alisema taratibu, "twende kwangu. Chambre iko tayari."

Maman aliketi kwenye kiti cha mbali na jiko. "Leo nimechoka," alisema. "Tutaona."

Hilo "tutaona" ndilo Papa Katekista alilolala nalo na kuamka nalo. Mimi nilihamia Berchem baadaye, karibu na wazee wangu wa kazi, na habari nilizipata ukumbini. Maman bado yuko. Daktari amesema moshi ni adui yake kuliko baridi, na kikohozi kimepungua. Kipasha joto cha umeme kiko chumba cha kulala, hakiwezi kuwashwa pamoja na pasi. Shemeji anapiga simu kila Jumapili kukumbusha kuhusu chumba. Papa Katekista, waliniambia, siku hizi anachelewa kuanzisha nyimbo.

Nilikwenda kuwaona siku moja ya baridi kali, mfereji umeshika barafu kingoni. Nilipandishwa juu. Wote wawili walikuwa wamevaa makoti ndani ya nyumba, wameketi kwenye makochi yaliyosogezwa hadi magoti yakagusana, na blanketi moja imewafunika miguu. Jiko lilikuwa pale ukutani juu ya vigae vyake vya upogo, safi, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa palikuwa na redio. Maman alinipa chai. Papa Katekista aliniuliza kama nimesali.

Simu ililia. Papa Katekista alishika mkono wa kiti. Alijua ni nani, nami nilijua, na nilimwona mtu yule aliyevuka taa nyekundu maisha yake yote akiwa amekaa tuli kabisa, macho sakafuni, akingoja. Maman aliinuka akaichukua.

"Eee, mudogo yangu. Eee. Baridi iko, ndiyo, mingi." Alisikiliza kidogo. "Apana. Hiyo chambre upatie muntu mwingine, usiniwekee tena. Apana, hakuna tena tutaona. Nimeshaona. Niko kwangu."

Alirudi, akaketi, akavuta blanketi upande wake. Papa Katekista alivua kofia yake ya sufu, akaiweka gotini, akajipangusa paji la uso kwa kiganja.

"Ma fille," aliniambia, "leo kumepata joto."

Mimi glavu nilikuwa bado sijavua. Nikamwambia ndiyo, papa, joto ni mingi.